Chumba cha Uani

Elfu ishirini na tano, niliandika kwanza,
kwa chaki, nyuma ya mlango wa jiko.
Nikafuta.
Chumba kilikuwa cha Ambakisye kabla hajahamia Tunduma,
na ukutani bado zipo alama za kimo chake,
mwaka hata mwaka, kwa kalamu ya risasi.
Hizo nazo nizitoze?

Nikakaa na karatasi kama karani wa mnada.
Sabuni ya shuka. Luku, maana mgeni wa Uyole
mwezi wa saba hagusi maji ya bomba,
baridi ya hapa inakung'ata hadi jina.
Mkaa. Mablanketi mawili, la tatu akiomba.
Chai na viazi vya kuchemsha asubuhi.
Na usingizi wangu, ninaoukatiza saa nane usiku
kumfungulia aliyecheleweshwa na basi la Songea:
huo niliuwekea alama ya kuuliza.

Mama Mwasenga wa ng'ambo ya barabara anatoza kumi na tano.
Anajaza kila siku, na kila siku anagombana.
Bei ya chini ni mlango usio na komeo.
Ya juu sana nayo ni mlango uliopakwa rangi:
kila mpita njia anausifu, anapita.

Nikaweka thelathini. Wiki ya Nanenane, hamsini,
wala sioni haya;
wiki hiyo hata mahindi ya kuchoma yanavaa suti.

Wageni nilijifunza kwa hasara.
Mmoja alikuja na tai, akaniita "mama yangu mzazi".
Sikuuliza kitambulisho; tai ilijibu.
Aliondoka alfajiri na birika la umeme
na foronya moja.
Moja tu! Hadi leo najiuliza
ile nyingine ilimkosea nini.

Na jana yake nilikuwa nimemkataa kijana
wa viatu vya matope, mnunuzi wa viazi kutoka Isyonje.
Nikamwambia pamejaa. Pamejaa nini, giza?
Alishukuru,
akarudisha geti taratibu, akaliinua kidogo
pale bawaba inapokwama,
kama la kwao.

Tangu hapo siangalii viatu.
Kitambulisho naandika, ndiyo, na nusu ya fedha mbele.
Anayeuliza kabla ya yote, "Kuna njia ya nyuma?"
namwelekeza stendi.
Anayeomba apunguziwe, tunaongea:
wahenga siku ya tatu walimpa mgeni jembe,
mimi nampa punguzo,
jembe lenyewe siku hizi nani atalishika.
Ila kabla ya neno lolote nasimama dirishani
nalisikiliza geti.

Ijumaa iliyopita, manyunyu, saa mbili usiku,
nikasikia bawaba ikiinuliwa.
Matope yaleyale.
Hakunikumbuka, au alinistahi.
"Chumba bei gani, mama?"
"Thelathini," nikasema,
maana bei ni bei,
na sikutaka ajue kuna deni.

Blanketi la tatu nilikuwa nimeshalitandika.