Mtande

Kabugho hapokei mgeni siku ya kutanda.
Mlango umerudishwa, redio imezimwa,
na kwenye ukuta mmoja uliobaki
baada ya mto Nyamwamba kupita sebuleni
vigingi kumi na viwili vya mkalitusi
vimetoka nje kama meno ya mzee.

Natembea. Ndiyo kazi ya mwaka wangu wa kwanza:
kutembea na uzi, kigingi hadi kigingi,
kwenda, kurudi, kwenda,
nisifike popote.
Jozi ishirini, funga utepe mwekundu.
Jozi ishirini, utepe.
Mkono usikaze, mkono usilegee.
"Uzi unajua ukiwa na hasira," anasema,
wala hajageuka kunitazama.

Juu Rwenzori wingu limetanda bila hesabu.
Sisi tunahesabu.

Mwisho wa ukuta nyuzi zinapishana,
huu juu, huu chini, huu juu:
msalaba. Akili yote ya nguo iko hapo.
Ukiupoteza umebaki na nywele za kichaa.

Kisha uji wa muhogo, mwepesi, bila sukari.
Uzi hunywa kwanza, ndipo sisi.
Ithungu, mjukuu, analamba mwiko
na kuuliza kwa nini uzi haushibi.

Siku mbili nimeinama kwenye kitanda cha mfumi,
nyuzi mia nne, kila mmoja kitanzi chake,
kila mmoja tundu lake kwenye chanuo.
Nilikuwa mia mbili na kumi na saba
simu ilipolia. Kaka yangu, kutoka Bwera:
shamba la pamba la baba limeuzwa,
mnunuzi ataanza kung'oa Jumatatu.
Nikasema sawa.
Nikarudi kwenye chanuo, nikaruka tundu.

Mshindio ukaja na bluu yake, na manjano yake,
ukaringa. Mteja wa kutoka Kampala
akachungulia, akasifu rangi.
Hakuna aliyewahi kusifu mtande.
Dhiraa mbili zilikuwa zimefumwa
Kabugho alipopitisha kidole,
akakuta njia nyembamba ya mwanga,
kama nywele zilizopasuliwa katikati.

Nikangoja kufokewa.
"Nani alikupigia?" akauliza.
Nikamwambia.
Akakoroga chai isiyo na haja ya kukorogwa.

Halafu akapima uzi mmoja, mrefu,
akaupitisha kwa sindano kwenye tundu lililoachwa wazi,
na kwa kuwa haukuwa na pa kufungwa huko nyuma
akaufunga kipande cha chumvi ya Katwe
kikaning'inia, kikauvuta.

Dhiraa mbili za mwanzo zimebaki na ufa wao.
Kutoka hapo nguo imefunga.
Kila nikikanyaga ubao
nyuzi mia tatu tisini na tisa zinanyanyuka pamoja,
na ule mmoja, nyuma yao,
unapandisha jiwe lake,
unalishusha.