Jiwe la Gramu Mia Nane na Hamsini

Mama Aikaruwa alitandika kipande cha blanketi la jeshi
juu ya kaunta, nyuma ya stesheni ya Moshi,
akazilaza mbili, midomo ikielekea ukutani.
"Hazina kitu. Nimehakikisha mimi.
Sasa hakikisha wewe."
Sharti hilo, anasema, halina bwana mkubwa.

Ya kwanza ina nyota ubavuni mwa mpini,
bapa, nyembamba,
kama sabuni ya mche iliyofuliwa wiki mbili.
Mtu alikwangua herufi kwa msumari, L na nusu ya K.
Labda aliitwa kwenye foleni ya chakula.

Ya pili ni rivolva ya Mwingereza,
nzito, na kipete chini ya kitako
cha kufungia kamba, ili askari akianguka
silaha isianguke peke yake.
Niliivunja katikati, ikafunguka kama kitabu cha sala.
Matundu sita. Harufu ya mafuta ya cherehani.

"Hiyo ukiivaa, suruali itakusema," alicheka.
"Na hii ya nyota haina kufuli.
Ukitia risasi chemba
unatembea na mbwa asiyefungwa."

Nilimweleza shida yangu, nusu yake.
Ijumaa hupeleka ujira wa wachumaji kahawa Kibosho,
bahasha ya kaki ndani ya shati.
Mwezi wa tatu walimsimamisha Ndemasi pale darajani,
wakachukua pesa na meno mawili ya mbele.
Nusu nyingine sikusema:
kabati langu la vioo, pasi ya mkaa,
saa ya ukutani iliyokufa saa tisa na robo,
na rafu ya katikati niliyoiacha wazi
tangu mwaka juzi, nikiipangusa vumbi kila Jumapili
kama kitanda cha mgeni.

Hakuniuzia siku ile.
Alitoa jiwe la Mto Karanga chini ya kaunta,
akalipima, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: 850.
"Lifunge kiunoni wiki nzima. Halafu tupige bei."

Jumatatu lilinichubua nyonga.
Jumatano, mazoezi ya kwaya, liligonga benchi,
sauti ya tatu wote wakageuka.
Alhamisi Ndesia alinikumbatia kiunoni,
huko ndiko urefu wake unakofika,
akajishika paji la uso.
"Baba, una nini hapo?"
Jiwe, nilisema. Na lilikuwa jiwe kweli,
lakini nilijisikia mwongo.

Ijumaa, darajani,
vijana wawili na pikipiki imelala ubavu.
Mmoja akainua mkono.
Wangu ulikuwa umeshafika kiunoni kabla yangu,
umeshaingia chini ya koti, umeshashika.
"Shikamoo mzee. Una spana namba kumi na nne?"

Nilikuwa nayo.
Nilimpa kwa mkono wa kushoto,
wa kulia uligoma kutoka.
Mnyororo ulirudi mahali pake, wakanawa kwa majani,
wakashukuru mara mbili.
Jasho langu lilikuwa limelowesha ile 850
hadi ikasomeka 8 na doa.

Jumamosi nilirudi.
Kuna mtu wa Babati anaitaka ya nyota, alisema Mama Aikaruwa,
ana haraka, hakupewa jiwe, amekataa jiwe.
Hakuniuliza wiki ilikwendaje.
Alitazama nilivyoketi, upande mmoja,
akasukuma fomu ya maombi, ya kupeleka polisi:
jina, kijiji, picha nne, alama za vidole,
mjumbe, mtendaji, muhuri juu ya muhuri.
Vyote nimejaza.
Umebaki mstari wa nukta nukta:
*Sababu ya kumiliki.*

Nimeandika *ku*.
Kujilinda. Kukusanya. Kutunza.
Kuogopa pia huanza hivyo hivyo.

Feni inazunguka, karatasi inataka kuruka.
Nimeiwekea jiwe juu.