Swali la Kumi na Nne

Mtihani wa usaili ni Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi,
kitambulisho halisi, kalamu ya bluu, simu ibaki nyumbani.
Leo Jumatano, na mimi bado nipo swali la kumi na nne.

Nasomea hapa hapa kibandani, Yombo Vituka,
katikati ya mtu wa kutoa elfu kumi
na mtu aliyetuma pesa namba siyo.
Madaftari ya chuo yananuka vumbi na dawa ya mende;
miaka minne yamelala chini ya kitanda,
na mimi miaka minne nimelala juu yake.

"Mwanafunzi anasoma kwa sauti, hakosei neno,
lakini haelewi alichosoma.
Ukiwa mwalimu wake, utaanza na lipi?"
A, arudie kusoma. B, apewe kamusi.
C, aulizwe maswali. D, yote hapo juu.
Nimeweka vema kwenye D, nimefuta,
nimeweka kwenye C, karatasi imetoboka.

Ndipo akaja Pazi na bili ya maji.
Bi Sikudhani kamtuma: "Peleka kwa mwalimu."
(Mtaani naitwa mwalimu. Serikali ndiyo haijasikia.)
Nikamwambia, soma mwenyewe, uko kidato cha pili.
Akasoma. Mashallah, mtangazaji wa taarifa ya habari!
Penye nukta anapumua, penye mkato anapunguza,
hata namba ya mita akaisoma kwa heshima.
"Haya, imesema nini?"
Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake,
akanijibu: "Imesema vizuri."

Kicheko kilinifika kooni
kikakuta swali la kumi na nne limekaa.

Nikachana kipande cha daftari la miamala,
nikaandika neno moja kutoka kwenye bili: utakatiwa.
Nikalikata pingili pingili, kama muwa:
u, ta, kat, i, w, a.
Chuoni hapa nilipata themanini na mbili;
mzizi, kiishio, kauli ya kutendewa,
nilivimeza vyote bila maji.

"Huyu *u* ni nani, Pazi?"
"Wewe."
"Mimi? Kwani bili yangu?"
Kimya. Mteja akagonga dirisha, akaambiwa asubiri.
"Ni mama."
"Na *ta*?"
"Bado." Kidole kikaitafuta tarehe. "Kesho."
Utangazaji ukaishia hapo.
Akaanza upya, bila sauti,
anakwama, anarudi nyuma, anaruka mstari,
anasoma vibaya kama mtu anayeelewa.

Hakuniaga. Nikasikia geti la bati,
nikasikia bomba la uani kwao likifunguliwa,
ndoo ya kwanza, ya pili, halafu beseni,
halafu, nadhani, sufuria ya wali.

Nimerudi kwenye karatasi yangu.
A, B, C, D.
Nimeitafuta ndoo, haimo.
Jumamosi nitaweka vema kwenye C,
maana kazi naitaka.