Mizani ya Ngazi

Usiku wa tisa tangu transfoma ilipuke pale kwenye mashine ya kusaga,
na fundi wa umeme akisema "kesho" kama anayeitikia amina,
nashuka na mitungi miwili kutoka orofa ya sita.

Simu ina chaji asilimia mbili. Naitunzia dharura.
Nashuka kwa vidole vya miguu, kiganja ukutani,
na ukuta umeloa kama mgongo wa mtu mwenye homa.

Jengo letu hapa Huruma lilisimamishwa haraka haraka,
lakini aliyemwaga zege la ngazi, simjui,
alikuwa na sikio:
vipandio vinane, mahali padogo pa kugeukia,
vipandio vinane tena.
Kumi na sita kila orofa. Mshororo mzima,
ukwapi na utao, na pumzi katikati.

Niligundua usiku wa tatu, nikihesabu nisianguke.
Nikamkumbuka Mwalimu Masakhwe wa kidato cha pili
akigonga mizani kwa rula juu ya dawati,
nasi tukisubiri kengele ya chakula.
Tangu kiwanda cha chapa kitufungie lango mwezi wa Machi
sikuwa nimeandika hata orodha ya sokoni.
Nikaacha moja, mbili, tatu. Nikaweka maneno:

Giza halina kiwanja,
         (geuka, shika chuma)
limepanga tu chumbani,
         orofa ya tano
kukikucha litakunja,
         (hapa pananuka maharagwe ya jana)
mkeka wake kwa soni.
         Orofa ya nne.

Nyuma ya mlango mmoja sauti ya mwanamume ikanijibu:
"Likipanga, lilipe kodi! Mimi nadaiwa miezi miwili."
Kisha kicheko, kisha kikohozi.

Chini ya hapo narudia mshororo wa kwanza, na hapo pana guni.
Kipandio cha kumi na moja kilimeguka kabla ya Pasaka.
Mwenye nyumba alikuja, akakitazama, akaondoka.
Hesabu mwenyewe: cha kumi na moja ni "pa" ya "limepanga".
Nikifika pale naruka, na silabi naiacha shimoni:
lime— nga tu chumbani.

Jana nilikuta mwanga.
Mshumaa mfupi ndani ya kopo la siagi,
na Kasyoka wa chumba cha kumi na nne, miaka saba,
sweta ya shule juu ya nguo ya kulalia,
daftari la hesabu magotini.

"Ni wewe unayeimbia ngazi?"
"Siimbi. Nahesabu."
"Basi unahesabu vibaya. Kila siku unaacha pa.
Mimi nalala karibu na mlango, nasikia."
Akasogeza kopo hadi ukingoni mwa shimo.
"Nimekuwekea."
Na yeye mwenyewe, alipotabasamu, alikuwa na pengo la meno mawili.

Sikupata la kumjibu.
Niliruka, na mguu ukiwa hewani nikasema
pa.

Bombani foleni ilikuwa ndefu, watu wakitambuana kwa kikohozi.
Ng'ambo, Eastleigh inang'aa kama haituhusu.
Upande wetu, makaa ya mama wa mahindi yakapumua mara moja,
nikauona uso wake wote, kisha nusu, kisha meno tu.

Kupanda ni kazi nyingine. Maji hayajui vina,
yanakuchapa mapaja yanavyotaka.
Tena ukitokea chini shimo hubadilika namba, huwa la sita,
na linalotumbukia si "pa" tena bali "ki":
giza halina —wanja.
Nitamwambia Kasyoka. Atapenda hilo.
Ataniuliza pia mishororo miwili iliyobaki, ubeti utimie,
nami sina hata neno.

Mlango wake ulikuwa umefungwa.
Mshumaa alikuwa ameuacha palepale,
umebaki urefu wa ukucha,
bado unawaka.