Drekli

Kamusi niliyokuja nayo kutoka Leicester
ina jalada la kijani na duara la kikombe cha chai.
Directly, inasema bila kigugumizi:
kielezi; moja kwa moja, bila kupinda;
papo hapo; pasipo kukawia.

Pasco Trembath ana neno lilelile,
ila amelitafuna, amelilamba kingo:
drekli.
Alilisema mwezi Machi, kofia mkononi,
akitazama pale upepo ulipong'oa vigae vitatu.
"Nitakuja drekli, bibie."
Nikashusha sanduku la shuka kutoka darini,
nikatandika magazeti,
nikachemsha chai ya watu wawili.

Aprili, ndoo moja.
Mei, ndoo na beseni.
Juni, ndoo, beseni na sufuria ya jemu,
usiku kucha ti, to, ti,
kila chombo na sauti yake.

Nikamkuta buchani. "Pasco, lini?"
"Drekli," akajibu kwa upole,
kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Mume wangu, mzawa wa huku Cornwall,
alicheka mpaka akakohoa.
Neno hilo si saa, akasema.
Si leo, si kesho, wala si "sitaki".
Ni mlango ulioegeshwa.
Asemaye hivyo hajadanganya;
nia anayo, siku ataiokota njiani.

Basi nami nikajifunza.
Bili ya umeme: drekli.
Barua ya dada yangu: drekli.
Kwenye kamusi, pembeni, nikaongeza kwa penseli:
au baadaye; au Mungu akipenda.

Septemba tulimzika Hedley, baba mkwe.
Manyunyu. Mchungaji ana mafua.
Mama mkwe, Loveday, hakulia.
Aliinama, akausawazisha udongo kwa glavu yake
kama anayenyoosha foronya,
akamwambia mumewe kwa sauti ya kila siku, ya jikoni:
"Tangulia, mpenzi. Nakuja drekli."

Nikasimama na mwavuli uliovunjika mbavu,
nikaomba, mimi nisiyeomba,
huko juu walisikie kwa lafudhi ya Pasco,
wasiifungue kamusi.

Tuliporudi nyumbani
ngazi ilikuwa imeegemea ukuta.
Pasco juu, misumari mdomoni,
anapigilia kigae cha tatu.
Akatupungia nyundo.

Sijawahi kuogopa vile
kumwona mtu katimiza ahadi.