Kisanduku cha Kumi na Moja

Mimi ni karani wa dirisha la tatu.
Fomu ya kuhitimu hupita kwangu kabla ya joho.
Kalkulasi ya Pili, tiki. Thermodinamiki, tiki.
Mekanika ya Vimiminika, A, tiki,
halafu chini kabisa, penye doa la kahawa yangu,
kisanduku cha kumi na moja: Masomo ya Jumla, krediti tatu,
kitupu kama theluji ambayo haijakanyagwa.

Jina: Kangas, Wendell. Uhandisi wa mitambo.
Alikuja na jedwali lililochapwa kwa rangi:
safu ya saa, safu ya ada, safu ya faida,
na faida ilikuwa sifuri mpaka desimali ya pili.
"Mama, mimi nitatengeneza pampu," akasema.
"Pampu haiulizi mfalme gani alimrithi nani."
Nilimwelewa. Usiku alikanda mikate kwa Tervo,
unga ulikuwa bado kwenye kope zake,
na krediti tatu ni mikate mingi.
Lakini fomu yangu haina kisanduku cha huruma.

Wanasema elimu ni bahari.
Huku Michigan ya kaskazini ni ziwa, na Januari linaganda,
unapita juu yake na gari, kina hukijui.

Kiangazi kile darasa lenye nafasi lilibaki moja:
Historia ya Mji wa Shaba, saa mbili asubuhi,
chumba cha chini ya ardhi, kwa Bi. Dorothea Sertich
ambaye hurusha mate akifika kwenye tarehe.
Nikamwandikisha. Siri yangu ni hii:
darasa hilo nililisoma mwenyewe, zamani.
Nilichokumbuka ni mate tu.

Agosti akarudi. Hakuja na jedwali.
Alikuja na nakala ya ukurasa mmoja
wa uchunguzi wa vifo, mgodi namba nne, 1911:
kizimba kilichoshuka na watu kumi na tisa
pasipo kushikwa na kitu.
"Ile kamba ya waya nimeipigia hesabu," akasema,
"kipenyo, nyuzi, mzigo, hata kutu nimeiweka.
Hesabu inasema ingeshika.
Nimerudia mara nne. Inasema ingeshika."
Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho,
maneno ya mtia grisi, mtu asiye na jina la ukoo
kwa kuwa mwandishi alishindwa kuliandika:
*Siku ya tatu leo kamba inalia. Nilimwambia bwana mkubwa.*
Alimwambia kwa Kikroatia.
Bwana mkubwa alijua jedwali la logi kwa kichwa.

Tukanyamaza. Nyuma yake foleni ilikuwa inakohoa.
Nilitafuta neno la kumfaa kijana,
la mtu mzima, la kubebwa nyumbani,
nikalikosa. Nikachukua kalamu.
B kasoro. (Kwa Bi. Sertich
hata malaika wangepata B kasoro.)
Tiki ikaingia kisandukuni bila shida,
ni ndogo, haikuhitaji nafasi kubwa.

"Ada bado ni wizi," akasema.
"Ni wizi," nikasema.

Alikwisha kugeuka, akasimama.
Akainamisha kichwa upande wa ukuta
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
"Mama, hilo bomba,
linaguna hivyo tangu lini?"

Miaka sita, nikamjibu. Nimeandika barua mbili.
Akavua begi, akaliweka juu ya kaunta,
juu ya fomu yake mwenyewe.
"Nieleze," akasema. "Asubuhi linaanzaje?"
Mtu mmoja kwenye foleni akatukana polepole.
Nikashusha pazia la dirisha la tatu,
nikavuta kiti,
nikaanza na ile sauti ya Jumatatu.