Siku ya Sita

Sheria inatupa siku saba.
Ya nane, kila bango lililobaki nguzoni
ni euro mia na hamsini,
na chama kimesema wazi: faini ya mabango
ni ya tawi la vijana.

Kwa hiyo tuko barabarani. Fiachra yuko juu ya ngazi,
mimi nimeshika miguu (ya ngazi, siyo yake),
Dearbhla yuko garini, taa za hatari zinapepesa.
Mvua ya Leitrim inanyesha kama mtu
asiye na haraka wala pa kwenda.
Koleo linakata kifungo cha plastiki, tak,
na mheshimiwa anashuka, uso kwanza,
tabasamu limejaa matone.
Huyu ni wa tisini na nne.

Alishinda kwa kura sitini na mbili.
Sitini na mbili! Hizo nazijua kwa majina.
Ni yule bibi wa darajani, aliyetaka kwanza nimshikie mbwa.
Ni wale ndugu wawili wasiosemezana,
tuliowapeleka kituoni kwa safari mbili.
Ni viatu vyangu, vilivyoachia soli Jumanne ile.
Usiku wa matokeo alibebwa mabegani.
Mabega yalikuwa yetu.
Hotuba ikamshukuru mkewe, wazee wa chama,
mwenye hoteli, na sisi, "jeshi letu la kesho."

Kesho.
Tumeahidiwa hiyo tangu kadi ya kwanza,
na kila tukiamka tunakuta ni leo.

Februari tulipeleka hoja mkutano mkuu.
Namba arobaini na moja: nyumba ikikaa tupu miaka miwili,
mwenyewe ailipie kodi, au aipangishe.
Sorcha aliiandika upya mara kumi na moja
kwa nyanya yake, chumba cha mashine ya kufulia,
ambako ndiko alikolala, na umri wake ishirini na tisa.
Tulipewa dakika tatu, saa nne usiku,
wajumbe wameshafuata harufu ya supu.
Alihutubia viti.
Viti vilisikiliza vizuri kuliko kawaida.
Kisha mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayefunika chungu:
"Hoja imepelekwa kwenye kamati."

Kamati ina watu saba.
Wana nyumba kumi na tisa.

Sorcha sasa yuko Perth, anapima damu hospitalini.
Hunitumia picha za jua bila neno,
nami humjibu kwa picha za mvua.
Sikumlaumu kuondoka.
Nilimlaumu kidogo.

"Ukiwa nje unaupigia kelele upepo," anasema Fiachra kutoka juu.
"Ndani, angalau kuna mlango wa kugonga."
"Mimi nimegonga elfu mbili," anajibu Dearbhla,
"na mia na kumi na miwili haikuwa na mtu nyuma yake."
Anazo zote daftarini, barabara kwa barabara.
Hakuna aliyemtuma.

Desturi ni kumpelekea mjomba wake mabango,
akazibe upepo zizini.
Uchaguzi uliopita wanakondoo walizaliwa
wakitazamwa na waziri mzima.

Leo amelilaza moja kitini, kifudifudi.
Upande wa pili ni mweupe.
Anang'ata kifuniko cha kalamu nene, anaandika:
TUPU TANGU 2011.
Nyumba yenyewe iko pale kwenye kona,
mbao madirishani, mtambaazi umeingia kwa dohani.

Fiachra anashuka ngazi polepole.
"Tutafukuzwa."
"Kutoka wapi?"

Anaitazama nyumba. Anajifuta pua kwa mkono wa koti.
Kisha ananiuliza vimebaki vifungo vingapi.
Nahesabu mfukoni, vidole vimekufa ganzi.
Mia na thelathini, na kila bango linataka viwili.
"Havitoshi," nasema.

"Basi tuanze na za kamati."